Karatasi ya protini si ramli

Katika vijiji vyetu mwalimu hastaafu. Atakabidhi chaki, funguo na kitabu cha zamu, lakini kila karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu itamfuata hadi barazani pake: barua ya benki, hati ya shamba, na siku hizi, kupita zote, karatasi za maabara. Mwezi wa Aprili mwaka jana kijana wa jirani yangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, alinijia jioni na bahasha ya kaki kwapani. Akaniamkia, akaketi, akasema: "Mwalimu, mama ameomba utusomee."

Karatasi zile zilikuwa za baba yake. Mzee huyo alikuwa amepatikana na saratani ya umio, yaani ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ilianza kwa ugali kumkwama. Akaacha ugali, akaacha viazi, hatimaye akabakia na uji mwepesi na maziwa. Hospitali moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilimteremshia kamera, ikanyofoa kinyama na kuthibitisha ugonjwa. Kisha jamaa zake wakashauriwa walipie kipimo kingine cha kisasa, kipimo cha protini, ambacho kingeonyesha ugonjwa utakwendaje. Wakauza ng'ombe wawili wa maziwa. Wakangoja wiki sita.

Nilichokikuta katika karatasi ya juu kilikuwa mistari mitatu. p53, imeonekana. Ki-67, asilimia 60. PD-L1, alama 15. Chini yake sahihi na mhuri. Hapakuwa na sentensi hata moja ya kumwambia mtu nini kifanywe kesho asubuhi.

Siku iliyofuata nilikwenda kumjulia hali mzee mwenyewe. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa shamba, mahindi yamefika magotini. Hakuniuliza p53 ni nini. Aliniuliza: "Mwalimu, mahindi haya nitayala?"

Ninayaandika haya kwa sababu swali lile ndilo ambalo sayansi ya viashiria vya protini inajaribu kulijibu, na kwa sababu naona tumeanza kulinunua jibu lake kwa bei ghali bila ya kulielewa. Wenzangu walimu, pamoja na wanafunzi wenu, ndio watakaoletewa karatasi hizi. Heri tuzizungumze.

Saratani ya umio si ngeni kwetu. Wataalamu huutaja ukanda mzima wa Afrika ya mashariki, kutoka Uhabeshi kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako maradhi haya yamekithiri kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2002 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha taarifa kutoka Hospitali ya Tenwek, Bomet, iliyowashtua wengi: ugonjwa ambao kwingineko huwapata wazee, kule uliwapata hata vijana. Mwaka 2010 ikafuata taarifa ya wagonjwa 109 wa hospitali hiyo hiyo ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa amepita miaka 30. Duniani kote, makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya 604,000 na vifo 544,000, na anayejua kutoa na kujumlisha ataona mara moja jinsi pengo kati ya kuugua na kufa lilivyo dogo. Tumbaku, pombe na vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vimetajwa miongoni mwa visababishi. Hilo ni somo la siku nyingine.

Tuje kwenye protini. Mwanafunzi wa bayolojia anajua kwamba jeni ni maagizo, na protini ni mafundi wanaoyatekeleza. Seli inapogeuka kuwa ya saratani, baadhi ya mafundi hao huongezeka kupita kiasi, wengine hupotea, wengine hubaki kazini wakiwa wameharibika. Mwanapatholojia hukichukua kile kinyama, akakihifadhi kwa dawa ya formalini, akakigandisha katika nta, akakikata vipande vyembamba mno, kisha akakimwagia kingamwili iliyotengenezwa ili ishikane na protini moja tu anayoitafuta. Ikishikana, hutokea rangi ya kahawia chini ya hadubini. Ndiyo maana ya neno lile "imeonekana." Ni kazi ya jicho na subira, na hasara zake ni za kawaida kabisa: kinyama kikikaa mno katika formalini, au kikichelewa kutiwa humo, protini huharibika, na karatasi itakayotoka itasema uwongo kwa herufi zilizopigwa chapa vizuri.

Protini ya p53 iligunduliwa mwaka 1979 na vikundi kadhaa vya watafiti karibu kwa wakati mmoja, ikapewa jina kutokana na uzito uliokadiriwa kuwa kilodaltoni 53. Kazi yake ni ya askari wa lango. Seli ambayo jeni zake zimeharibika huzuiwa isigawanyike hadi itengenezwe, na isipotengenezeka huamriwa ife. Jeni ya protini hii ikiharibika, mara nyingi huzaa askari mlemavu asiyefanya kazi wala kuondoka, naye hurundikana ndani ya seli hadi akaonekana kwa rangi. Lakini mara nyingine uharibifu humfuta kabisa, na hapo rangi haitokei. Kwa hiyo "haikuonekana" haina maana kwamba mambo ni salama.

Je, inabashiri? Uchunguzi mwingi umefanywa, na majibu yake yamekinzana. Mimi naona sababu mojawapo iko wazi kwa kila aliyewahi kusahihisha mtihani. Katika saratani ya umio iliyo ya aina yetu, jeni hii imeharibika katika uvimbe mwingi mno; uchunguzi wa jeni za wagonjwa wa Malawi uliochapishwa mwaka 2016 uliikuta ndiyo iliyoongoza kwa kuharibika. Mtihani ambao karibu darasa zima limeanguka hauwezi kumwonyesha mwalimu nani wa kwanza na nani wa mwisho. Kumwambia jirani yangu kwamba p53 yake imeharibika kulikuwa sawa na kumwambia kwamba ana saratani, habari aliyokuwa nayo tayari bila kuuza ng'ombe.

Ki-67 ina hadithi nzuri ambayo wanafunzi huipenda. "Ki" ni mji wa Kiel nchini Ujerumani, ambako Johannes Gerdes na wenzake waliitangaza mwaka 1983, na 67 ni nambari tu ya kitundu katika sahani ya maabara walimoipata kingamwili yake. Protini hii huonekana katika seli iliyo katika shughuli ya kugawanyika na haionekani katika seli iliyopumzika. Asilimia 60 maana yake ni kwamba seli sita katika kumi za uvimbe zilikuwa mbioni. Ni habari, wala siidharau. Lakini katika umio bado haijaweza kumtenga kwa uhakika atakayeishi miaka na atakayeishi miezi.

Mstari wa tatu ndio uliokuwa na uzito, na ndio uliomuumiza mzee zaidi. PD-L1 ni protini inayofanana na kitambulisho bandia. Seli ya saratani humwonyesha askari wa kinga ya mwili kitambulisho hicho, naye akaipisha. Zimetengenezwa dawa zinazoivuruga hila hiyo. Alama 15 hupatikana kwa kuhesabu seli zote zilizotokwa na rangi, za uvimbe na za kinga, kugawanya kwa idadi ya seli hai za uvimbe, na kuzidisha kwa 100. Katika jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 2021, likiwa na wagonjwa 749, wale wenye saratani ya seli bapa (ndiyo aina yetu kwa sehemu kubwa) na alama 10 au zaidi walipoongezewa dawa iitwayo pembrolizumab juu ya tibakemikali, nusu yao waliishi kupita miezi 13.9. Waliopewa tibakemikali peke yake, nusu yao waliishi kupita miezi 8.8. Miezi mitano si kitu cha kudharauliwa na mtu anayetaka kuona mavuno.

Hapa ndipo pa kutofautisha mambo mawili ambayo hata waliosoma huyachanganya. Kuna kiashiria kinachobashiri mwendo wa ugonjwa kwa vyovyote vile, na kuna kiashiria kinachoonyesha dawa gani itamfaa nani. PD-L1 thamani yake kubwa iko upande wa pili. Ni ufunguo wa mlango mmoja, na mlango huo ni dawa ambayo dozi yake moja hugharimu zaidi ya mshahara wa miezi kadhaa wa mwalimu wa shule ya msingi, nayo hurudiwa kila baada ya wiki tatu. Jirani yangu aliuziwa ufunguo na watu waliojua fika kwamba nyumba yenyewe hataweza kuikodi. Sikuambiwa na yeyote kwamba walimweleza bei ya dawa kabla ya kumtoza ya kipimo, na mkewe anaapa kwamba hawakuelezwa.

Nilikuwa karibu kuirudisha bahasha nilipogundua karatasi nyingine iliyokunjwa ndani kabisa. Ilikuwa ya damu ya kawaida, iliyopimwa siku ile ya kwanza, wiki sita na zaidi kabla ya ile ya protini za kinyama. Safu ya tatu ilisema: albumini, gramu 26 kwa lita. Safu iliyofuata: CRP, miligramu 88 kwa lita.

Hizi nazo ni protini, ila hazina fahari. Albumini hutengenezwa na ini, na mtu mzima mwenye afya huwa na gramu 35 hadi 50 kwa kila lita ya damu. CRP pia ni ya ini. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis huko New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia, na hupanda kwa kasi mwili unapopigana na maambukizi, jeraha au uvimbe. Saratani inapouchochea mwili usitulie, ini huacha kazi za kawaida na kujishughulisha na protini za vita: CRP inapanda, albumini inashuka, misuli inayeyuka. Mgonjwa hukonda hata akila. Asiyeweza kumeza hukonda mara mbili.

Mwaka 2003 madaktari wa Glasgow, Scotland, wakichunguza saratani ya mapafu, walipendekeza hesabu rahisi inayomfaa hata mwanafunzi wa darasa la nne. CRP ikizidi 10, weka alama moja. Albumini ikiwa chini ya 35, weka alama moja. Jumla huwa sifuri, moja au mbili. Tangu hapo hesabu hii imejaribiwa kwa wagonjwa wa umio Japani, Uchina, Uingereza na kwingineko, na mara kwa mara imeonekana kwamba wenye mbili huishi muda mfupi kuliko wenye sifuri, na kwamba huzidiwa zaidi wanapopasuliwa. Jirani yangu alikuwa na mbili. Jibu la swali lake la mahindi, kadiri sayansi inavyoweza kulijibu, lilikuwemo ndani ya ile bahasha tangu mwezi wa Machi, katika kipimo ambacho bei yake haifiki hata ya kuku.

Nisieleweke vibaya. Hata hesabu ya Glasgow si ramli. Inasema habari za wagonjwa mia, haisemi habari za mzee mmoja aliyeketi ukingoni mwa shamba. Miongoni mwa wenye alama mbili wamo walioishi kuwapita wenye sifuri. Aidha, CRP haijui kutofautisha saratani na malaria, kifua kikuu au jino lililooza. Katika nchi yetu, daktari atakayeichukua 88 na kuitia kwenye hesabu bila kwanza kuuliza kama mgonjwa ana homa, atakuwa ameiga Glasgow bila kuangalia aliposimama. Na albumini haipandi kwa mayai na maziwa peke yake maadamu moto wa uvimbe ungali unawaka ndani. Mwalimu anayefundisha uwezekano katika hisabati ana mfano bora hapa kuliko zile shilingi tunazowarushia wanafunzi hewani kila mwaka.

Lakini alama ile ingetosha kuwaamsha waliomhudumia. Mtu mwenye albumini ya 26 ambaye hamezi hapaswi kungojeshwa wiki sita kwa ajili ya kitambulisho cha PD-L1. Kuna vibomba vya waya vinavyotanuka ambavyo huteremshwa umioni na kuifungua njia. Hospitali ya Tenwek imevitumia miaka mingi, na hospitali nyingine zinavyo. Havimponyi mtu. Humrudishia mdomo wake. Jirani yangu alipata cha kwake mwezi wa Juni, katika hospitali nyingine, baada ya sisi wenyewe kuuliza huku na huko. Alikula ugali laini kwa wiki tatu, akizungukwa na watoto wake, na sijaona mtu aliyeketi mbele ya sahani kwa heshima kama ile. Angeweza kuula tangu Machi.

Huenda msomaji akasema kwamba ninaipinga sayansi mpya. La hasha. Ninachopinga ni kuileta kama tunavyoleta mitumba, bila kujua ilishonewa nani. Mwaka 2017 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa uvimbe 164 wa umio, ukabainisha kwamba saratani ya seli bapa na ile ya seli za tezi ni maradhi mawili tofauti, licha ya kukaa katika kiungo kimoja. Ile ya tezi ndiyo iliyoenea miongoni mwa Wazungu wa Marekani na Ulaya, ikifungamana na unene na kiungulia cha miaka mingi. Protini iitwayo HER2, ambayo tangu mwaka 2010 imekuwa na dawa yake kwa saratani za tumbo na za mahali umio unapokutana na tumbo, ni ya ukoo huo zaidi kuliko wetu. Kiashiria kilichopimiwa kwa wagonjwa wa huko hakiwezi kuja hapa na ukali wake ule ule. Ni sharti kipimwe upya, kwa vinyama vyetu, na kwa wagonjwa wetu wanaofuatiliwa hadi ijulikane nani aliishi na kwa muda gani.

Na hapo ndipo tulipo dhaifu. Vinyama tunavyo, kwani kila hospitali kubwa ina makabati ya vipande vya nta. Tusichokuwa nacho ni ile nusu ya pili: mgonjwa akishatoka langoni, aghalabu hakuna anayejua tena habari zake. Kiashiria bila habari ya mwisho wa mgonjwa ni swali lisilo na jibu la kusahihishia. Hata ughaibuni, viashiria vingi vilivyotangazwa kwa mbwembwe vilikufa kwa sababu vilitokana na wagonjwa wachache, au viwango vilivyochaguliwa baada ya majibu kuonekana. Ndiyo sababu mwaka 2005 wataalamu walitunga masharti yaitwayo REMARK, ya kumlazimisha mtafiti aeleze wazi alipima nani, kwa njia gani, na kiwango chake alikichagua lini. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaosoma makala haya na wanaotafuta mada ya tasnifu wana kazi tayari: albumini na CRP za wagonjwa wa umio katika hospitali moja ya kaunti, zikifuatiliwa kwa simu kila mwezi kwa miaka miwili. Haitahitaji mashine ya mamilioni. Itahitaji daftari, idhini ya wagonjwa, na mtu asiyechoka kupiga simu.

Kwa hospitali ombi langu ni fupi. Kabla ya kumtoza mgonjwa kipimo cha protini, aambiwe kwa lugha anayoielewa: kikisema hivi tutafanya hili, kikisema vile tutafanya lile, na dawa itakayofuata bei yake ni hii. Kama majibu yote mawili yanaelekea kwenye uamuzi ule ule, kipimo hicho hakina sababu. Na zile protini rahisi, ambazo zimekwisha kupimwa na kulipiwa, zisomwe siku ile ile zinapotoka, si na jirani mstaafu mwezi wa Aprili.

Nami nina langu la kujibu. Mzee aliponiuliza juu ya mahindi yake, nilikwisha kuisoma karatasi ya ndani, na nilikwisha kupiga hesabu. Nikamwambia, "Mungu akipenda, Mzee." Halikuwa jibu baya, lakini lilikuwa la kukwepa, na nadhani alilijua hivyo, kwa maana aliyageukia mahindi yake akanyamaza. Alikuwa na shamba la kugawa na mtoto wa kulipiwa karo. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuambiwa kwamba wengi wenye hali kama yake hawakufika mwisho wa mwaka, na kwamba wachache walifika.

Alifariki wiki ya pili ya Julai, mahindi yakiwa mabichi. Kijana wake sasa yuko kidato cha tatu. Juma lililopita alinijia tena jioni, safari hii na daftari la bayolojia, akitaka nimweleze ini linatengeneza nini hasa. Nikamwomba alete ile bahasha.